Nilikasirika mbele ya mabelo ya mitumba: je, sikuielewa kazi?

Swali

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni binti wa Dar es Salaam, ninasoma Ujerumani. Majira ya joto ya mwaka 2022 nilikwenda Kassel na wanafunzi wenzangu kuona maonyesho ya documenta. Kwenye bustani ya Karlsaue kulikuwa na jengo zima lililopangwa kwa mabelo ya nguo kuukuu, kazi ya Nest Collective kutoka Nairobi. Wenzangu Wajerumani waliguswa sana, mmoja akasema anaona aibu. Mimi nilikasirika, na niliyemkasirikia si Mzungu, ni kazi yenyewe. Mama yangu amenilea na kunisomesha kwa kuuza mitumba soko la Karume. Pale niliona riziki yake imepangwa kama takataka ya kutazamwa. Nilitoka kabla filamu ya ndani haijaisha. Sasa nina somo linalonitaka niandike mwitikio wangu binafsi juu ya kazi moja ya sanaa ya kusimikwa (ile inayojengwa mahali, mtazamaji akaingia ndani yake au kuizunguka) yenye mada ya siasa, na hiyo ndiyo pekee isiyonitoka akilini. Je, sikuielewa? Naruhusiwa kuandika kwamba nilikasirika? Na je, nimwonyeshe mama picha za kazi ile?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Nianze na lile linalokutia hofu. Andika kwamba ulikasirika, tena uliandike kwenye aya ya kwanza. Hasira yako ni usomaji wa kazi ile, na ni usomaji wenye ujuzi ambao wengi waliopita pale hawakuwa nao. Lakini hasira ikiachwa hivihivi itabaki kuwa habari zako wewe tu. Insha inakudai uifuate mpaka ujue ni kitu gani hasa pale uwanjani kilichoiamsha. Hapo nitakubana kidogo, kwa sababu uliondoka mapema.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawakuiona, niieleze kazi yenyewe. Documenta ni maonyesho makubwa ya sanaa ya kisasa yanayofanyika mjini Kassel, kwa kawaida kila baada ya miaka mitano. Ya kwanza yalikuwa mwaka 1955. Yale ya 15, kuanzia Juni 18 hadi Septemba 25, 2022, yaliongozwa na ruangrupa, kundi la wasanii wa Jakarta, nao wakaalika makundi mengi kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Nest Collective, kundi lililoanzishwa Nairobi mwaka 2012, walisimika kazi yao kwenye uwanja wa majani mbele ya Orangerie, kasri la mwanzoni mwa karne ya 18. Waliiita Return to Sender, yaani irudishwe kwa aliyeituma. Mabaki ya nguo yalibanwa kuwa mabelo, mabelo yakapangwa mpaka yakawa kuta, ukaachwa mlango wa kuingilia. Nje, kwenye majani, kulikuwa na vifaa vya umeme vilivyokwisha kufa. Ndani ya kuta zile za nguo ndimo ilimoonyeshwa filamu ambayo watu wanaeleza biashara ya mitumba na yanayotokana nayo.

Kazi ya kusimikwa huanza kukusemesha kabla hujasoma kibao chochote, kwa namna inavyokuweka wewe mwenyewe mahali fulani. Nenda Mkunazini, Unguja, pembeni ya kanisa kuu la Kianglikana, palipokuwa soko la watumwa. Clara Sörnäs, msanii kutoka Sweden, alimaliza pale mwaka 1998 sanamu za watu watano wenye minyororo shingoni, wamesimama ndani ya shimo. Nguvu yote ya kazi ile iko kwenye shimo. Huwezi kuwatazama watu wale ila kwa kuinamisha kichwa, ukiwa juu yao, kwa jicho ambalo zamani lingekuwa la mnunuzi. Hakuna maandishi yanayokuambia hivyo, lakini shingo yako imekwisha kujua.

Sasa jiulize, pale Kassel uliwekwa wapi? Bustani ya watawala wa zamani, majani yamekatwa vizuri, na katikati yake mzigo ambao kwa kawaida Ulaya huuona ukiondoka tu. Mwenzako Mjerumani alipopita mlangoni alikuta vitu vilivyotoka kabatini kwa watu wa kwao vimerudi kumsubiri bustanini kwake. Wewe ulipopita mlango uleule ulijikuta katikati ya bidhaa za mama yako, umezungukwa na watu wanaoziangalia kama uchafu. Ninakumbuka pia kwamba Januari ya mwaka uleule moto uliteketeza soko la Karume. Sijui kama kibanda cha mama kilikuwemo, lakini hakuna mtu wa Karume aliyeingia katikati ya mwaka ule akiwa hajaguswa na moto ule, na wewe uliingia nao bustanini. Hilo nalo ni sehemu ya mwitikio wako. Liandike wazi.

Tulisogelee belo lenyewe, maana nadhani kisa chako kimelala humo. Belo mama yako analijua kwa mikono. Nguo zimebanwa kwa mashine mpaka hewa imeisha, kamba za plastiki zimekazwa zikazama kwenye kitambaa, na juu kuna karatasi inayotaja aina: magauni, mashati ya kiume, nguo za watoto, mchanganyiko. Mnunuzi analipa kabla ya kuona. Kisha anakata kamba, nguo zinafura, ile harufu ya ghalani inatoka, na mikono inaanza kuchambua: hili daraja la kwanza litundikwe, hili lina doa la kufuliwa, hili la kumwaga chini kwa bei ya kutupa, hili halifai hata kwa dekio. Ndani ya nusu saa mama ameshajua kama mwezi huu ada italipika. Biashara nzima ya mitumba inaishi katika ile nusu saa ya kufungua na kuchambua.

Pale Kassel mabelo hayakufunguliwa. Yalikuwa kuta, na kwa kuwa kuta yalitakiwa yabaki yamefungwa daima. Rangi zilionekana kwa nje, pindo hapa, mkono wa sweta pale, lakini huwezi kuchomoa kitu. Kwa mtazamaji asiyelijua belo, hilo linafanya kazi vizuri sana: anaona uzito, anaona wingi, anaona kwamba nguo zikishabanwa namna ile si nguo za mtu tena. Kwa anayelijua, belo lisilofunguliwa ni swali lililonyimwa jibu. Hakuna mkono unaochambua, kwa hiyo hakuna mama yako. Nadhani hicho ndicho kilichokuchoma, hata kama pale pale hukupata maneno ya kukisema. Kama nimekosea, rudi kwenye picha zako utafute kingine, lakini kitafute kwenye kitu chenyewe: kwenye kamba, kwenye mlango, kwenye majani.

Halafu kuna suala la nani aliyekuwa akisemeshwa. Jina la kazi linamsemesha aliyetuma. Barua ile haikuandikwa kwako, mwanangu, na haikuandikwa kwa mama yako. Kusimama katikati ya maneno yanayohusu nyumba yenu huku yakielekezwa kwa mtu mwingine kunauma, na una haki ya kuhoji kwa nini muuzaji hakupewa nafasi kwenye umbo la kazi. Ila usiwatendee Nest Collective kama wageni waliokuja kutuumbua. Ni watu wa Nairobi, mji wa Gikomba, soko ambalo kwa mitumba halijifunzi kitu kutoka Karume. Walipata nafasi ya kusema mbele ya Ulaya, katika ardhi ya Ulaya, wakaamua kusema jambo moja kwa nguvu zote: kwamba mzigo unaoitwa msaada una sehemu ambayo haivaliki, na sehemu hiyo inaishia kwenye madampo yetu na mito yetu. Mama yako akiulizwa kwa uaminifu, naye ana lalamiko hilohilo. Ni nani aliyewahi kufungua belo la hasara asilijue?

Na hapa ndipo ninapokubana. Ulitoka kabla filamu haijaisha. Ukitoka ukumbini mbele ya mchoro baada ya dakika mbili, angalau mchoro wote umeuona. Kazi ya kusimikwa yenye filamu ndani yake ina muda wake, na muda huo ni sehemu ya kazi sawa na zile kuta. Kuta pekee zinasema taka. Sauti za watu ndani yake ndizo zinazoeleza mzigo umefikaje hapo, umeua nini, umelisha nani. Huwezi kuandika kwamba kazi imemfuta muuzaji ikiwa hukukaa kusikia waliosemeshwa. Itafute filamu hiyo, inaitwa Return to Sender – Delivery Details, uitazame mwanzo mpaka mwisho na daftari mkononi. Ukimaliza bila kumwona mama yako humo, hoja yako itakuwa na miguu ya kusimamia. Ukimwona, itabidi useme kwa nini kuta zilikukimbiza kabla hajafika, na hilo nalo ni jambo zito la kuandika kuhusu namna kazi ilivyojengwa.

Siasa ya mitumba yenyewe usiipitie juujuu, maana wanaokusahihishia huenda wanaijua kwa upande mmoja tu. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kilianza kazi mwaka 1968 kwa msaada wa China, na miji kama Mwanza na Musoma nayo ilikuwa na viwanda vyake vya nguo. Milango ya uagizaji bidhaa ilipoanza kulegezwa miaka ya themanini, mitumba iliingia kwa wingi katika nchi ambayo watu walikuwa wamechoka kupanga foleni ya kitambaa. Viwanda vikadhoofika. Husemwa kwamba mitumba ndiyo iliyoviua. Mimi sikubali kwamba ilikuwa peke yake. Mashine zilichakaa, umeme ulikatika, madeni yalikuwa mengi, usimamizi ulikuwa mbaya, na nguo mpya za bei rahisi kutoka Asia nazo zilikuwa njiani.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba hatua kwa hatua mpaka 2019. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola mbili na nusu. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika serikalini kwao, na Marekani ikatishia kuziondoa nchi zetu kwenye mpango wa AGOA uliokuwa ukiruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia huko bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda haikulegeza, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Kwa hiyo yale mabelo ya Kassel yalikuwa yamebeba pia tishio la kibiashara lililofanya serikali zirudi nyuma. Mwenzako aliyeona aibu hakuyajua haya, na aibu yake haikumlazimu ayajue.

Kuna kazi nyingine nataka uiweke karibu na hii unapoandika, kwa sababu imekabili tatizo hilohilo ikatoka kwa njia tofauti. Romuald Hazoumè wa Benin alitengeneza La Bouche du Roi kati ya mwaka 1997 na 2005, na British Museum ikainunua na kuionyesha mwaka 2007, Uingereza ilipokuwa inaadhimisha miaka 200 tangu kupiga marufuku biashara ya watumwa. Amekata madumu ya petroli 304, kila dumu likawa sura ya mtu: tundu la kumiminia ni mdomo ulio wazi, mshikio ni pua. Ameyapanga sakafuni kwa kufuata ule mchoro maarufu wa mwishoni mwa karne ya 18 unaoonyesha watu walivyobanwa ndani ya meli ya watumwa ya Brookes.

Mtu wa London anaona ishara. Mtu wa kwetu anaona dumu, kitu anachokijua kwa uzito wake kikiwa kimejaa, na anaweza kukasirika kama ulivyokasirika wewe: kumbe vyombo vyetu vya kila siku vimekuwa sura za watumwa? Ila Hazoumè hakumwacha nje mtu anayelibeba dumu. Ndani ya kazi ileile kuna filamu ya vijana wanaosafirisha petroli ya magendo kutoka Nigeria kwa pikipiki, wamezungukwa na madumu pande zote. Madumu hayo hutanuliwa kwa moto ili yabebe zaidi, mpaka mengine yanadhoofika yanapasuka. Ukishajua hilo, unaelewa kwa nini dumu na si kitu kingine: chombo kinachotanuliwa kibebe zaidi ya uwezo wake kinamsemea anayekibeba. Mtu wa jana na mtu wa leo wamo katika kitu kimoja, na mchukuzi anaonekana kwa macho. Ulinganisho huu utakusaidia kuliko kurasa kumi za nadharia, kwa sababu utakupa swali la kuuliza kwa haki: je, belo lingeweza kumsemea muuzaji namna hiyo, na lingehitaji kufunguliwa?

Upande mwingine, usiisome kazi ya Kassel bila kujua kundi lile lilikuwa limetoka wapi. Kabla ya hapo Nest Collective walishiriki katika mradi wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyohifadhiwa katika makumbusho za nje, vikapatikana zaidi ya 32,000. Mwaka 2021 maonyesho yaliyotokana na mradi huo yalifanyika Makumbusho ya Taifa Nairobi, na miongoni mwa vilivyowekwa mbele ya watu ni makabati ya kioo yaliyo matupu. Mkenya aliyekuja kuona vitu vya mababu alikuta kioo na hewa. Mwaka uliofuata watu walewale wanapeleka Ujerumani kuta zilizojaa pomoni. Ukiziweka kazi hizi mbili pamoja, hesabu inaonekana: vile tulivyovithamini vimebaki huko, na visivyothaminiwa huko vimeletwa hapa. Nikiitazama hivyo, Return to Sender inanigusa zaidi kuliko ikisimama peke yake. Haiondoi hoja yako kuhusu mama, lakini inaonyesha kwamba kundi hili halikuamka asubuhi moja na kuamua kuwadharau wauza mitumba.

Sasa huyo mwenzako na aibu yake. Usimdharau, na pia usimwache akuhukumu. Watu wengi wanaamini kwamba kazi ya kisiasa ukiielewa utahuzunika, kwa hiyo asiyehuzunika hakuelewa. Tania Bruguera, msanii wa Cuba, aliwahi kuliweka jambo hili peupe katika ukumbi wa Turbine Hall wa jumba la sanaa la Tate Modern, London, mwaka 2018. Kazi yake ilihusu wahamiaji. Jina la kazi hiyo lilikuwa tarakimu, iliyoanzia 10,142,926 na kuendelea kupanda, ikijumlisha watu waliohamia nchi nyingine na waliofia njiani, na mgeni aligongwa mhuri wa tarakimu hiyo mkononi. Kulikuwa na chumba kidogo ambamo hewa ilitiwa kitu kinachotoa machozi. Ukiingia, unalia, utake usitake. Wapo waliotoka wamekasirika kwamba wamelizwa kwa nguvu. Mimi naiheshimu kazi ile kwa sababu ilitenganisha machozi na uelewa mbele ya macho ya kila mtu: shavu limelowa, na bado hujafanya lolote kwa ajili ya yule aliyezama baharini. Aibu ya mwenzako inaweza kuwa mwanzo wa jambo la maana, na inaweza kuwa machozi ya chumba kile. Utaijua kwa maswali anayouliza baadaye.

Na ukiambiwa kwamba hasira yako inatokana na historia yako binafsi, si na kazi, kumbuka kilichotokea palepale Kassel mwaka huohuo. Kundi la Taring Padi kutoka Indonesia lilitundika bango kubwa walilolichora mwaka 2002 kuhusu ukatili wa utawala wa kijeshi wa Suharto nchini mwao. Humo kulikuwa na michoro ya kuwadhalilisha Wayahudi, na mmojawapo ulibeba alama za SS, kikosi cha Manazi. Watu waliposimama mbele yake nchini Ujerumani, katika nchi iliyofanya mauaji yale, waliumia na wakasema. Bango lilifunikwa, kisha likashushwa kabisa mwezi Juni, na wasanii wakaomba radhi. Watazamaji wale hawakuwa wameshindwa kusoma. Waliona kitu ambacho kipo kwenye bango, kwa macho yaliyojifunza kukiona. Maelezo kwamba bango lilichorwa kwa ajili ya vita vingine hayakutosha, kwa kuwa mtazamaji naye ana historia, na kazi ikihamishwa mahali inakutana na historia hiyo. Silinganishi ukubwa wa majeraha. Nasema tu kwamba ujuzi wa mtu aliyeumizwa ni ujuzi halali wa kusomea picha.

Niongeze kazi moja tu, ile ninayoipenda kuliko zote nilizozitaja, kwa sababu inamwachia mtazamaji nafasi. Alfredo Jaar, mzaliwa wa Chile, aliingia Rwanda Agosti 1994 akapiga maelfu ya picha. Aliporudi akaona kwamba dunia ilikuwa imeshaona maiti nyingi na haijasogea. Mwaka 1995 akatengeneza Real Pictures: alizifungia picha ndani ya masanduku meusi, akayapanga sakafuni kwa makundi kama makaburi, na juu ya kila kifuniko akaandika kwa maneno kilichomo ndani, mahali na tarehe. Huoni picha hata moja. Unasimama gizani unasoma, na picha unaijenga mwenyewe. Mgeni wa Chicago anajenga kwa alichoona kwenye televisheni. Mtu wa Kigali, au wa Ngara upande wetu aliyeona wakimbizi wakivuka mto, anakutana na jina Ntarama, ambako watu waliuawa kanisani, na hahitaji sanduku lifunguliwe. Kazi ile haikumpangia yeyote kati yao ahisi nini wala kwa muda gani. Pia imefungwa, kama mabelo yalivyofungwa, ila juu ya kila kifuniko kuna maneno yanayosema ndani yumo nani. Hebu waza kila belo la Kassel lingekuwa na karatasi yake inayotaja muuzaji atakayelifungua, soko lake na siku aliyolilipia. Labda usingetoka.

Kuhusu kuandika kwenyewe, nitakupa njia ninayowapa wanafunzi wangu. Andika kwanza ulichokihisi, kwa sentensi chache, bila kukipamba na bila kukiombea radhi. Kisha tumia nafasi kubwa kuliko zote kueleza kitu: belo likoje, limefungwa kwa nini, liko kwenye majani ya nani, unaingiaje, unasikia nini ndani. Eleza kwa uvumilivu kiasi kwamba mtu ambaye hakufika Kassel aweze kukasirika pamoja nawe, au akukatalie kwa sababu. Lile la nusu saa ya kufungua belo usiliache, maana hakuna mwingine darasani kwako anayeweza kuliandika. Baada ya hapo leta filamu, AGOA, Urafiki. Kibao cha maelezo na maneno ya waandaaji yaje mwisho, uyapime kwa ulichokwisha kuona. Usianze nayo, yatakufunga mdomo. Na usihitimishe kwa kuipatanisha hasira yako na kazi ili mwalimu aone umekua. Kama bado umekasirika ukifika ukurasa wa mwisho, na unaweza kusema kwa nini, basi iache ilivyo.

Mama mwonyeshe. Usimtangulizie maelezo ya Kassel wala ya taka. Mpe picha zile ulizopiga kwa karibu, umuulize kama angelinunua belo lile, kwa bei gani, na anadhani ndani kuna nini. Atakuambia mambo ya kamba, ya kitambaa, ya nchi zinazotuma mzigo mzuri na zinazotuma uchafu, ambayo hakuna mhakiki aliyeyaandika. Ndipo umweleze ilikuwa nini na kwa nini ilisimikwa pale, na umwache aseme lake hata kama ataiunga mkono kazi dhidi yako. Yaandike maneno yake kama alivyoyasema. Na kabla hujakabidhi insha, muombe ruhusa ya kuandika habari za biashara yake. Akikataa, andika juu ya belo na hasira yako, habari zake uziache.